Siku sita Matema na "baiskeli ya maji": mtu wa milimani kwenye kayaki ya kukanyaga, Ziwa Nyasa

Nimerudi Mbeya wiki mbili sasa ila ndo kwanza napata muda wa kukaa niandike. Hii nimeiunga kutoka kwenye noti za simu, nyingi niliandika na vidole vinavyonuka samaki kwa hiyo kuna sehemu hata mwenyewe sijielewi, na picha mia mbili na kitu ambazo karibu nusu ni za magoti yangu mwenyewe. Watu wengi wameniuliza ile boti ya njano kwenye stetasi yangu ni nini na je wao wanaweza. Jibu ni ndio, ila soma mpaka ile siku ya tano kwanza.

Kifupi ilivyoanza. Shem wangu, kaka yake na wife, alinunua kayaki yuzdi Dar kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Ni ya plastiki ngumu, urefu mita 3.6, unakaa juu yake sio ndani kama mtumbwi, ina kiti kama cha kwenye baa ya ufukweni, na mbele ya kiti kuna pedeli kama za baiskeli ambazo zinazungusha propela chini ya maji. Ukikanyaga mbele inaenda mbele, ukikanyaga kinyumenyume inarudi nyuma, usukani ni kimkono kidogo upande wa kushoto, mikono yako inabaki huru kushika mshipi, na hapo ndo utamu wote ulipo kwa mvuvi. Shem alikaa Kigamboni miaka minne, bahari anaijua. Mimi nauza spea za magari Mwanjelwa, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia kabla ya safari hii yalinifika kiunoni.

Jumatano, Mbeya: ndoo mbili na fundi wa bampa

Kabla ya kwenda popote shem akaniambia tuipime. Tukaipandisha juu ya matairi manne pale uani, tukafungua kizibo cha nyuma, tukamimina ndoo mbili za maji NDANI ya tumbo la kayaki, tukafunga, tukakaa tunaangalia. Baada ya dakika kumi tone la kwanza likaanza kudondoka, palepale kwenye tundu kubwa la katikati ambapo mashine ya pedeli inaingia. Ufa wa urefu wa kidole. Aliyetuuzia alisema haijawahi kupata shida yoyote, haya bwana.

Nikataka kuweka gundi, shem akakataa katakata na alikuwa sahihi: hii plastiki ni jamii ileile ya madumu ya maji, gundi za dukani hazishiki, zinabanduka kama ganda la vitunguu. Inatakiwa iyeyushwe na plastiki ya aina yake. Nikampeleka jirani yangu fundi anayeunga bampa za magari, akakata kipande cha dumu la mafuta ya kula akayeyusha akajaza ule ufa, elfu kumi na tano, na tukarudia kipimo cha ndoo usiku huohuo, kavu kabisa. Ukinunua yuzdi fanya hivyo kwanza, maana kayaki ikiingia maji tumboni haikuambii, inaanza tu kulegea na kuyumba kama mlevi na ukija kujua uko mbali.

Vitu vingine nilivyonunua: laifu jaketi ya kuvulia samaki, sio ile nene ya kwenye feri (elfu sitini, iliagizwa Dar), filimbi elfu mbili, kisu kifupi chenye ala, begi la simu lisiloingia maji, na mipira ya tyubu ya kufungia mzigo kwenye baiskeli. Ile mipira ndo kitu bora kuliko vyote na ilikuwa buku tu.

Siku ya 1, Alhamisi: Mbeya mpaka Matema, na msiba usiokuwepo

Kirikuu ya kukodi laki moja na themanini kwenda tu. Unaweza kuteremka kwa basi na ni rahisi mno ukilinganisha, ila kayaki haiingii kwenye basi, nimeuliza, kondakta mmoja alinicheka mpaka akakaa chini.

Tukaifunga na turubai nyeusi kwa sababu Tukuyu mvua haina adabu, mkia ukachomoza nje zaidi ya mita moja, tukafunga kitambaa chekundu ili trafiki wasipate neno. Uyole, Igawilo, baridi kama kawaida, dereva na kofia ya sufi. Tulipofika Kiwira tukasimama kununua ndizi, na mimi nikashangaa wale akina mama hawapigi kelele za "njoo kwangu baba" kama siku zote. Wamenyamaza. Mmoja akaja dirishani, akaweka mkono kifuani, akasema poleni sana wanangu, mnapeleka wapi? Nikasema Matema. Akasikitika, akaita mwenzake, wakaleta mkungu mzima wa ndizi wakaweka nyuma, hawataki hela.

Ndo nikageuka kuangalia mzigo. Turubai jeusi, kitu kirefu, kitambaa, watu wazima watatu hatuongei.

Dereva akanong'ona tuondoke tu. Mi nikashindwa, kula ndizi za rambirambi za uongo ni mkosi, nikashuka nikafungua turubai wakaona lile linjano lote. Kicheko kilichopigwa pale Kiwira nadhani walikisikia Tukuyu. Nikalipa ndizi elfu kumi na mbili, yule mama akaongeza maparachichi manne akasema haya ni ya kuwa hai. Ndaga fijo mama, kama unasoma hapa.

Kutoka Tukuyu ni kushuka tu, migomba, chai, halafu joto linaanza kupanda kama mtu anafungua oveni pole pole. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, ziwani ni chini ya 500, kwa hiyo masweta yanavuliwa moja moja njiani. Pale Kikusya unakata kushoto kwenda Ipinda, lami hiyo mpaka Matema, kakao imeanikwa barazani, mashamba ya mpunga, na ghafla mbele yako unaona ukuta wa Milima ya Livingstone umesimama wima ziwani. Tulifika saa kumi na moja jioni. Gesti elfu thelathini na tano kwa usiku, chumba kina neti nzima na feni. Wali wa Kyela na samaki wa ziwani, mbasa, wa kukaanga elfu nane, nikala nikanyamaza.

Usiku nikatoka nje nikaona mataa ziwani, mamia, kama kuna mji mwingine huko majini. Wavuvi wa usipa hao, dagaa wa huku, wanavua kwa taa. Baadaye nilijifunza kwamba hao ndo watu wa kuwauliza habari za upepo, sio simu.

*Kwa anayekuja:* ukitaka kuvua hata kwa kujifurahisha, suala la leseni ya uvuvi lishughulikie mapema, na ukifika ripoti kwa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi pale ufukweni. Sisi walituandika kwenye daftari, jina, rangi ya boti, namba ya gesti. Niliona usumbufu siku hiyo, ila ukifikiria vizuri hao ndo watu pekee ambao watajua kwamba hujarudi.

Siku ya 2, Ijumaa: siku nzima ya kuanguka

Tulitegemea asubuhi tuingie ziwani moja kwa moja. Tumeishusha kayaki kwenye mchanga, watoto wameshajaa wanaiita baiskeli ya maji, na mzee mmoja akatoka chini ya mwembe alikokuwa anashona wavu. Shikamoo, marahaba. Akaizunguka mara mbili, akagonga tumbo lake na kisigino cha mkono kama anachagua tikiti. Akaniuliza mimi, sio shem:

"Ukianguka, unarudije juu?"

Shem akaanza kueleza. Mzee akamkatisha, "Wewe sijakuuliza, na sikutaka maneno. Anionyeshe."

Nikaona aibu maana sikuwa hata na wazo la kuanguka. Mzee akachukua kamba ndefu ya manila, upande mmoja akafunga nyuma ya kayaki, upande wa pili kwenye mwembe, akasema haya ingia, maji ya kifuani, pindua.

Nikapindua. Kwanza nikameza maji. Pili nikagundua kayaki ikishageuka tumbo juu ni kubwa na inateleza, huna pa kushika. Mara ya kwanza nilichukua kama dakika nane na nikapandia mbele kwenye pua, ikapinduka tena juu yangu, watoto wakashangilia. Mara ya pili shem akaingia kunionyesha, na nitaandika kama nilivyoielewa mimi kwa sababu hiki ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye hii simulizi:

Unaenda ubavuni, katikati kabisa usawa wa kiti. Unanyoosha mkono juu ya tumbo la boti unashika ukingo wa upande wa pili, unaweka magoti kwenye ukingo wa upande wako na unajivuta kwa nyuma na uzito wako wote, inageuka. Hapo usikimbilie kupanda, pumua. Halafu unashika pande zote mbili za boti, unaacha miguu ielee nyuma yako, unapiga miguu kama chura mpaka mwili wote umelala juu ya maji, ndo unajivuta kwa TUMBO kupita juu ya kiti. Usijaribu kujinyanyua wima kama unapanda ukuta, hiyo inaivuta boti ikuangukie. Ukishalala kwa tumbo unageuka taratibu, makalio kwenye kiti, miguu ya mwisho. Pedeli zinachoma mbavu balaa, kwa hiyo ziweke moja mbele moja nyuma, au nyanyua mashine yote kama boti yako inaruhusu.

Nilifanya mara kumi na moja. Ya mwisho sekunde arobaini. Mzee alikuwa amerudi kwenye wavu wake, hata haangalii, ila kila nikipanda anasema "tena".

Mambo mawili yalijitokeza humohumo. La kwanza, mashine ya pedeli ilichomoka ikazama, ilikuwa haijafungwa na kamba, bahati nzuri ni maji ya kifua, dogo mmoja akapiga mbizi akaitoa, elfu mbili yake. Ingekuwa huko ndani nisingeiona tena, hili ziwa kina chake kirefu kinapita mita 700. Kuanzia hapo kila kitu kikafungwa: mashine, kasia, rodi, hata chupa ya maji. La pili, simu yangu ilikuwa kwenye begi lisiloingia maji lililofungwa kwenye boti. Shem akaniambia siku boti ikikuacha inaondoka na kila kilichofungwa kwenye boti, kwa hiyo simu, filimbi na kisu vinakaa mwilini, kwenye jaketi. Na jaketi inavaliwa ukiwa bado mchangani, zipu juu, sio kuwekwa nyuma ya kiti eti joto. Joto la Kyela nalijua sasa, na bado unavaa.

Jioni nikawa siwezi kunyanyua kijiko.

Siku ya 3, Jumamosi: mwera

Niliamka saa kumi na mbili nikasikia kishindo, nikadhani lori. Mawimbi. Jana yake maji yalikuwa kama chai kwenye sahani na leo yanapanda mpaka kwenye majani. App ya upepo kwenye simu ilionyesha kiupepo kidogo tu kwa Matema, na kweli pale tulipo upepo haukuwa mkali kivile, mawimbi yanatoka wapi sasa?

Mzee akanielewesha na fimbo kwenye mchanga. Ziwa ni refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini mpaka hapa tulipo, sisi tuko kwenye ncha ya kaskazini. Mwera ni upepo wa kutoka kusini. Ukivuma huko chini usiku kucha, mawimbi yanasafiri ziwa zima na yanaishia hapa kwetu, upepo wenyewe unaweza kufika baadaye au usifike. Miezi yake mikubwa ni Mei mpaka Agosti huko, sisi tulikwenda Oktoba kwa makusudi na bado ulitukuta. Unaweza kuvuma siku moja, unaweza kuvuma tatu. Nikauliza sasa unajuaje unakuja? Akasema angalia mstari ule kule mwisho wa maji, ukiwa umenyooka kama uzi sawa, ukiuona una meno, baki nyumbani.

Kwa hiyo hakuna kayaki. Tukatembea Lyulilo kwenye soko la vyungu, Wakisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vimepangwa vimoja juu ya vingine mpaka mtumbwi unabaki ukingo wa vidole vinne juu ya maji, na siku hiyo walichelewa kwa sababu ya hayo mawimbi, wamama walikuwa wamekaa chini wanasubiri tu bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyesema tujaribu. Mimi na shem tulikuwa tumelipia gesti mpaka Jumanne na tulikuwa tunahesabu masaa, wale wanaoishi kwa ziwa walikuwa wanakula mihogo. Nilinunua vyungu viwili elfu tano, kimoja kilivunjikia Tukuyu wakati wa kurudi.

Siku ya 4, Jumapili: kando kando

Mawimbi yalilala usiku. Kanisani kwanza (sio hiari ukiwa Matema), kisha saa tano nikaingia, nakwenda sambamba na ufukwe, mita hamsini kutoka mchangani. Hiyo ndo ilikuwa sheria ya siku: maji ambayo nikianguka naweza kuogelea mpaka nchi kavu na jaketi.

Kukanyaga ni rahisi mno. Yaani hilo ndo tatizo lake. Ukipiga kasia mikono inachoka unakumbuka kurudi, ila miguu ya mtu aliyekulia milimani haichoki, unakanyaga unapiga stori na mawazo yako, ukigeuka gesti imekuwa kiberiti. Spidi yake ya kawaida ni kama mtu anayetembea haraka, kilomita tano hivi kwa saa, ukikutana na upepo wa usoni inaweza kushuka nusu. Kwa hiyo shem akaniwekea alamu ya simu: ikilia dakika ishirini, unageuka hata kama kuna samaki anakuita kwa jina.

Nikafanya pia zoezi la kurudi kwa kasia tu, mashine imenyanyuliwa. Lilinitoa jasho, boti hizi ni pana hazipendi kasia. Ila kama huwezi kurudi kwa kasia kutoka pale ulipo basi umeenda mbali kuliko unavyoruhusiwa. Nilifika mita mia tatu mikono ikafa. Nikajua mpaka wangu.

*Kwa anayekuja:* usisogelee midomo ya mito, Lufilyo na mingineyo, maji ya tope yana mamba na hapo hakuna mjadala, wenyeji watakuonyesha mpaka wapi. Chupa za plastiki zinazoelea mstari ni alama za nyavu za watu, zunguka mbali. Na kichocho kipo kwenye hili ziwa, mi nitaenda kupima baada ya miezi miwili kwa sababu ukipima mapema hakionekani.

Siku ya 5, Jumatatu: ndani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mzee alikuwa tayari ufukweni anaangalia ule mstari wake. Umenyooka. Wavuvi wa usipa ndo wanarudi, akawauliza kwa Kinyakyusa, wakajibu kwa kifupi, akanigeukia: nenda, saa tatu uwe hapa. Sio saa tatu na robo.

Mjukuu wake na mwenzie wakaja na mtumbwi nyuma yangu, shem akapanda nao, elfu ishirini kwa asubuhi yote. Kama kuna hela moja usibane kwenye safari kama hii, ni hiyo. Usiende ndani peke yako mara ya kwanza, na mtumbwi wa wenyeji ni bora kuliko kayaki nyingine yenye mjinga mwingine kama wewe.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia nikakielewa mpaka nilipokiona: alfajiri upepo unashuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Pale ufukweni huusikii, mlima umekukinga, maji yametulia, unatoka kwa raha zako unaona leo mi bingwa. Kumbe unasukumwa mgongoni. Nilipofika kama kilomita moja na nusu nikageuza boti kujaribu tu, ndo nikasikia upepo wote usoni, na vimawimbi vinapiga kifuani. Shem akacheka, akasema hata baharini ndo unaoua wageni, upepo wa kutoka nchi kavu, maana ufukwe unakudanganya. Tofauti ni kwamba bahari ina kupwa na kujaa juu ya hayo, huku angalau hesabu ni moja.

Nikawa naburuta kijiko cha kung'aa (chambo cha bati) nyuma, mita thelathini za mshipi. Saa moja na dakika arobaini rodi ikakunjika. Sitaandika sana hapa maana kila mvuvi anaandika hivihivi, ila mbasa wa kilo mbili na kitu anavuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Alipofika ubavuni nikainama kumshika na boti ikalala upande, moyo ukasimama, nikasikia dogo kwenye mtumbwi anapiga kelele "kichwa! kichwa!" Maana yake kichwa kisivuke ukingo wa boti. Kiuno kinaweza kucheza, boti inaweza kuyumba, ila kichwa kikishatoka nje mwili wote unakifuata. Nikakaa katikati, nikamvuta kwa wavu mdogo. Kapigwa picha hata kabla hajafa.

Tulitakiwa kugeuka hapo. Alamu ililia, nikaizima. Nakiri.

Dakika kumi baadaye pedeli zikagoma. Ngumu, kama cheni imeshuka. Nikalazimisha, ndo kosa lingine, maana kilichokuwa kimekamatwa ni kipande cha wavu kilichotelekezwa kinaelea, na kila nikikanyaga kinajisokota zaidi kwenye propela. Na wakati huohuo nikahisi boti inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Hakuna upepo kabisa. Nikaangalia kusini, ule mstari wa mzee ulikuwa na meno.

Dogo hakupiga kelele safari hii. Alisema tu "mwera", kimya kimya, wakaanza kugeuza mtumbwi waje kwangu.

Nikanyanyua mashine nikaiweka mapajani, nikatoa kisu cha kwenye jaketi, nikakata ule uzi wa nailoni kipande kwa kipande huku mikono inatetemeka. Kama kisu kingekuwa kwenye kasha la nyuma ningelazimika kugeuka na sidhani kama ningegeuka salama. Zilipita kama dakika tano. Wakataka kunivuta kwa kamba, shem akasema subiri, ajaribu mwenyewe mkiwa pembeni. Nikarudisha mashine, ikazunguka.

Kurudi, mawimbi yanatoka nyuma, na unaweza kudhani hiyo ni nafuu. Sio. Wimbi la nyuma linanyanyua mkia, pua inachimba, na boti inataka kugeuka ikae ubavu kwa wimbi, ikishakaa ubavu wewe na mbasa wako mnaogelea. Kila mkia ukinyanyuka unashika usukani unanyoosha mapema, kabla haijageuka, na unapunguza kukanyaga ili usikimbie nalo. Nilikuwa naongea na boti kwa sauti. Kihehe cha bibi yangu kilirudi chote.

Karibu na ufukwe mzee kasimama anaonyesha kwa mikono: simama, subiri. Nikanyanyua mashine, nikanyanyua usukani, kasia mkononi, nikaacha mawimbi makubwa mawili yapite chini yangu, nikaingia mgongoni mwa la tatu. Nilikuwa nimeshafika, aisee, nimeshafika, maji ya magotini, likaja dogo la nne likanikuta nimeanza kushangilia. Tukapinduka wote. Thamosi ya chai imeenda, miwani imeenda, mbasa alikuwa amefungwa kwenye mpira wa tyubu kwa hiyo yupo.

Na shem, yule mwalimu wa siku nne, aliyekuwa ametua na mtumbwi kabla yangu, akakimbia kuja kunisaidia akasimama kati ya kayaki na mchanga. Kilo arobaini na tano pamoja na maji zikamfuata kwenye ugoko. Usisimame upande huo, hata siku moja, kaa upande wa ziwani. Alijua. Alinifundisha mwenyewe siku ya pili. Zahanati ya pale walimsafisha na kumfunga vizuri, elfu saba, muuguzi akauliza ameumia na nini, akasema baiskeli.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano. Mzee hakuniambia kitu. Aliangalia saa yake tu.

Siku ya 6, Jumanne: kurudi bila mzigo

Mwera ulivuma kutwa na kuamkia. Tulimkaanga mbasa, nusu tukampelekea mzee. Kirikuu ya kurudi na shem mwenye mguu mmoja ingekuwa shida, na tumeshaamua kurudi mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijakolea, kwa hiyo tukaiacha kayaki kwa mzee chini ya mwembe, imefunikwa na turubai lilelile la msiba, mashine tukaiondoa tukaja nayo. Basi mpaka Mbeya, mvua Tukuyu, chungu kikavunjika, kofia za sufi zikatoka tena Isongole.

Jumla yangu, bila bei ya kayaki: usafiri laki mbili na kitu kwa kugawana na shem, gesti laki moja na sabini na tano, chakula kama elfu tisini, mtumbwi, fundi wa bampa, laifu jaketi. Haifiki laki sita. Miwani sijaihesabu.

Juzi yule mjukuu alimpigia shem kuomba kama anaweza kuitumia kwa kasia, jioni, akitoka shule. Shem akasema sawa ila laifu jaketi. Jana katuma picha: amekaa kwenye kiti cha baa, jaketi langu limemeza sare ya shule yote mpaka magotini, maji hayafiki hata mita moja, na nyuma ya boti unaiona kamba ya manila imenyooka mpaka kwenye mwembe.